Kisa cha Michael Walzer: ardhi ni ya nani, na nani haruhusiwi kuuawa

Juni 1967. Michael Walzer, mwanafalsafa wa siasa wa Marekani, ana miaka 32, anafundisha Harvard, na yuko mstari wa mbele kwenye kampeni ya kupinga vita ya Marekani kule Vietnam. Mwaka huohuo yeye na wenzake waliipeleka ishu ya Vietnam kwenye kura ya mji wao wa Cambridge, Massachusetts, wakashindwa. Sasa mwezi huo Israel inaingia vitani na Misri, Jordan na Syria, siku sita imekwisha, na Walzer, ambaye ni Myahudi na hajawahi kuficha mapenzi yake kwa Israel, anasimama upande wa Israel. Yaani vita moja anaipinga kwa nguvu zote, nyingine anaitetea, ndani ya mwaka mmoja. Baadaye alieleza mwenyewe kwamba ilimlazimu atafute kipimo, maana huwezi kuwaambia watu vita hii ni uonevu na ile ni halali kwa sababu tu moyo wako umeelemea upande fulani. Kazi hiyo ilimchukua miaka kumi, na kitabu chake kikubwa kuhusu vita ya haki na isiyo ya haki kikatoka mwaka 1977. Mpaka leo kinasomeshwa vyuo vingi duniani, hadi West Point wanakofundishwa maofisa wa jeshi la Marekani.

Nimemchagua huyu mzee kwa sababu ya mjadala ambao kila mtu ameshausikia. Ikitokea habari ya bomu mahali penye mgogoro wa ardhi, mmoja anasema hawa wameporwa ardhi yao kwa hiyo wana haki ya kufanya lolote, mwingine anasema hawa ni magaidi kwa hiyo hata hiyo ardhi wasidai. Wanagombana mpaka usiku na hawaoni kwamba wote wawili wamefanya kosa lilelile, wamechukua jibu la swali moja wakalibandika kwenye swali jingine. Walzer ametumia zaidi ya miaka hamsini kuyatenganisha hayo maswali, na kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote aliyofanya. Pia naamini kuna mahali ambapo yeye mwenyewe aliyachanganya, nitafika huko.

Historia yake kwa kifupi. Amezaliwa New York mwaka 1935, akakulia Johnstown, Pennsylvania, mji wa viwanda vya chuma. Akasoma Brandeis, ambako alikutana na Irving Howe na Lewis Coser, wale waliokuwa wameanzisha jarida la Dissent la mrengo wa kushoto mwaka 1954, na jarida hilo likawa nyumba yake ya pili, baadaye akawa mhariri wake kwa miaka mingi. Mwaka 1960 walimtuma kusini mwa Marekani kwenda kuandika habari za wanafunzi Weusi waliokuwa wanakaa kwenye migahawa ya Wazungu na kukataa kuondoka. Shahada ya udaktari akachukua Harvard mwaka 1961, akafundisha Princeton, akarudi Harvard mwaka 1966, halafu kuanzia 1980 akawa kwenye taasisi ile ya utafiti wa juu iliyoko Princeton, ileile aliyokuwa Einstein. Kwa hiyo ni msomi ambaye tangu ujana wake mguu mmoja uko darasani na mwingine uko kwenye siasa za mtaani, na hilo linaonekana kwenye uandishi wake, hajengi hoja hewani. Kila hoja anaileta na tukio lililotokea kweli, mahali fulani, kwa watu fulani.

Tuanze na ardhi.

Kwa Walzer nchi ina haki ya mipaka yake kwa sababu ya watu wanaoishi humo. Serikali yenyewe kama serikali haina utakatifu wowote, wala ramani haina. Watu wameishi pamoja vizazi na vizazi, wamejenga maisha yao ya pamoja, lugha, sheria, mashule, makaburi, na mvamizi anapovuka mpaka anawalazimisha wachague kati ya kuuawa na kuyaacha hayo maisha yao. Ubaya wa uvamizi uko hapo. Mfano anaoutumia ni Alsace na Lorraine. Mwaka 1871 Wajerumani walipowashinda Wafaransa walilichukua eneo hilo. Wasomi wa Kijerumani walikuwa na hoja zao, kwamba zamani za kale eneo lilikuwa la Wajerumani, kwamba watu wengi wa huko wanaongea Kijerumani, halafu majenerali nao wanasema tunahitaji kizuizi kati yetu na Ufaransa. Walzer anasema yote hayo hayana uzito, waulize wakazi wa pale wanataka kuwa chini ya nani, basi. Ardhi inawafuata watu. Hati za zamani hazitoshi, na mahitaji ya kijeshi ya jirani yako hayatoshi kabisa.

Sisi wa huku tuna kesi inayofanana na hiyo, na Walzer mwenyewe anaitaja Tanzania kwenye maandishi yake. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakaingia Kagera, na Amin akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto Kagera sasa ni la Uganda. Hoja yake ilikuwa kwamba mto ndio mpaka wa asili. Mpaka wenyewe ulikuwa mstari ulionyooka wa ramani waliokubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, na mstari huo unapita ng'ambo ya mto, kwa hiyo kuna kipande cha Tanzania kinabaki upande wa pili wa maji. Ukiangalia kwa macho tu unaweza ukasema Amin ana pointi, mto unaonekana, mstari wa mkoloni hauonekani. Lakini waulize watu wa Kyaka na vijiji vya jirani waliokimbia na watoto na mifugo kama waliona mpaka wa asili au waliona wanajeshi wanachoma nyumba. Nyerere akahutubia taifa, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo, na uwezo wa kumpiga tunao. Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Walzer akizungumzia nchi zilizoingia kwa jirani na kukomesha mauaji bila kusubiri ruhusa ya Umoja wa Mataifa, huwa anataja tatu: India kule Pakistani ya Mashariki mwaka 1971, Vietnam kule Kambodia, na Tanzania kule Uganda. Nyerere mwenyewe hakuitetea vita ile kama vita ya kuwaokoa Waganda, alisimama kwenye hoja ya nchi iliyovamiwa, na ikumbukwe ni yeye aliyesukuma azimio la OAU la Cairo mwaka 1964 kwamba mipaka tuliyorithi tuiheshimu hata kama ilichorwa vibaya. Nadhani Nyerere na Walzer wangeelewana sana kwenye hili, kwamba mpaka unalindwa kwa sababu ya watu walio nyuma yake, hata kama aliyeuchora hakuwajua.

Sasa ugaidi. Kwenye kitabu hichohicho cha 1977 kuna sura nzima ya ugaidi, na hapo hagusi kabisa habari ya nani mwenye ardhi. Anachouliza ni kimoja, umemlenga nani? Ugaidi kwake ni kuua watu wasio na hatia bila kuchagua, ili jamii nzima iingiwe na hofu, kila mtu ajue kwamba anaweza kuwa yeye kesho, kwenye basi, sokoni, popote, kwa sababu tu ni wa kabila fulani au taifa fulani au dini fulani. Halafu anakuleta kwenye matukio. Moscow, 1905, mwanamapinduzi anaitwa Ivan Kaliayev yuko barabarani na bomu, anamsubiri Sergei, baba mdogo wa mfalme wa Urusi. Gari la farasi linafika, Kaliayev anaangalia ndani anaona kuna watoto wawili. Harushi. Siku mbili baadaye Sergei akiwa bila wale watoto ndipo anamuua. Tukio jingine ni la Coventry, Uingereza, Agosti 1939. Mtu wa IRA, kundi la Waayalandi lililopigana na utawala wa Uingereza, anaendesha baiskeli, kwenye kikapu kuna bomu la kwenda kulipua kituo cha umeme, anapotea kwenye vichochoro, muda unakwenda, anaingiwa na hofu, anaitupa baiskeli anakimbia. Bomu linalipuka barabarani, wapita njia watano wanakufa. Walzer anasimulia kwamba watu wa IRA wa wakati ule waliohusika walishtuka na kuumia, hawakuhesabu kama ushindi. Halafu anauliza imekuwaje baadaye watu wa harakati zilezile wakawa wanaweka mabomu baa na mitaani kwa makusudi, na wapita njia ndio wakawa shabaha yenyewe.

Ukishaielewa tofauti hiyo, Agosti 7, 1998 unaisoma bila kuchanganyikiwa. Waliotega lori la bomu kwenye ubalozi wa Marekani Nairobi walisema wanaipiga Marekani, ila waliokufa ni zaidi ya watu 200, Wamarekani 12 tu, wengine ni Wakenya, makarani, wanafunzi wa masomo ya ukatibu kwenye jengo la Ufundi lililoporomoka, abiria wa basi kwenye barabara ya Haile Selassie. Asubuhi hiyohiyo Dar wakafa 11. Hata kama mtu ana malalamiko mia moja na yote ni ya kweli kuhusu Marekani na ardhi za Waislamu, hayamgusi karani wa Ufundi.

Mwaka 1988 Walzer aliandika insha fupi kuhusu visingizio vya ugaidi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo ya kusoma kwanza kuliko hata kile kitabu. Anavitaja visingizio vinne. Kwamba ni njia ya mwisho, tumejaribu zote. Kwamba sisi ni wanyonge, hatuna ndege wala vifaru. Kwamba ugaidi unafanya kazi, unaleta uhuru. Na kwamba siasa zote ni ugaidi tu, serikali nazo zinaua. Kwenye hiki cha njia ya mwisho anawabana vizuri sana, anauliza hizo njia nyingine mlizijaribu lini na kwa muda gani, mliitisha mgomo, mliandamana, mlirudia mara ngapi? Maana mtu hawezi kufika mwisho wa orodha bila kuipitia. Na kuhusu unyonge anatofautisha unyonge mbele ya serikali na unyonge mbele ya watu wako mwenyewe, kundi likishindwa kuwaamsha wananchi wake linachukua bomu kufunika hilo pengo. Ila hakuishia kwa magaidi peke yao. Anasema serikali inayotumia ugaidi kama kisingizio cha kukandamiza nayo haina pa kujificha.

Mpaka hapa mimi niko naye mia kwa mia. Na nimpe haki yake, kipimo hiki alikitumia pia kwa wa kwake. Kwenye kitabu cha 1977 anasimulia Qibya, kijiji cha Wapalestina kilichokuwa chini ya Jordan, Oktoba 1953, baada ya mama na watoto wake wawili kuuawa Israel, kikosi cha jeshi la Israel cha Ariel Sharon kikavuka mpaka usiku kikaenda kulipua nyumba za kijiji, wanakijiji zaidi ya 60 wakafa. Walzer anaiita jinai, hatafuti maneno laini. Shambulio la uwanja wa ndege wa Beirut la Desemba 1968, ambako makomando wa Israel waliharibu ndege 13 na hakuna aliyeuawa, hilo analitetea. Unaweza kubishana naye kwenye hilo la Beirut, lakini kipimo kinaonekana ni kilekile, watu au mali, na watu gani.

Tatizo linakuja na kitu anachokiita dharura kuu. Maneno ameyatoa kwa Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Swali ni hili, Waingereza kati ya 1940 na 1942, wako karibu peke yao, Ufaransa imeanguka, silaha pekee inayoweza kuifikia Ujerumani ni ndege za mabomu, na kwa usiku zile ndege hazikuweza kulenga kitu kidogo kuliko mji. Je, walikuwa na haki ya kupiga miji? Walzer anasema kwa muda ule, kwa adui yule wa Kinazi, huenda ndiyo, kwa shingo upande, na damu inabaki mikononi mwa waliotoa amri. Ila anasema muda ule uliisha mapema, Urusi na Marekani zikiwa zimeshaingia vitani na upepo umegeuka hakukuwa tena na dharura, na sehemu kubwa ya mabomu ilidondoshwa baada ya hapo. Wajerumani kama 300,000 waliuawa, wengi raia. Dresden ya Februari 1945 anaikataa, Hiroshima anaikataa. Anakaa sana kwenye habari ya Arthur Harris, mkuu wa ndege za mabomu, ambaye baada ya vita hakupewa heshima kama makamanda wenzake, na Walzer anaona ile ilikuwa njia ya taifa kukiri kwamba lilifanya kitu kichafu, japo anasema kuna ukatili ndani yake kumtumia mtu halafu kumtenga. (Mwaka 1992 Harris alijengewa sanamu London, kwa hiyo hata huko kukiri kwenyewe hakukudumu.)

Ona kilichotokea hapo. Kwa ufafanuzi wake mwenyewe kupiga mji ili kuwatisha raia ni ugaidi, na hapa ugaidi huo umepata mlango. Nani ana ufunguo wa huo mlango? Jamii ya kisiasa inayokabiliwa na kufutwa. Mwanafalsafa wa Australia Tony Coady alimshika hapo, akasema huu msamaha kwa namna ulivyoandikwa unazipendelea dola, kwa nini dola ipewe na kundi lisilo na dola linyimwe? Watu wasio na nchi ndio hasa wako kwenye hatari ya kufutwa, hawana jeshi, hawana kiti Umoja wa Mataifa, hawana mshirika. Kama kufutwa kwa jamii ndiyo hoja, basi wao wanastahili huo mlango kuliko Uingereza. Na kama hatutaki kuwapa, na mimi sitaki kabisa wapewe, basi tumnyang'anye na Churchill. Coady alichagua hivyo, ufungwe kwa wote, na mimi niko upande wake. Walzer anasema hao wengine hawakidhi vigezo, hatari lazima iwe kubwa isiyo ya kawaida na iwe mlangoni kabisa, na magaidi wengi wanadanganya kuhusu hilo. Kweli wanadanganya. Ila hata majenerali wanadanganya.

Hapa ndipo naona amechanganya yale maswali mawili. Mwenye dola anapata ruhusa ya kuua kwa sababu maisha yake ya pamoja yana mipaka inayotambulika. Yaani haki ya ardhi imenunua kipande cha damu ya raia wa upande wa pili, kitu ambacho kwenye sura ya ugaidi alikuwa amekikataa.

Mwaka 1983 akaandika kitabu kingine, cha haki na ugawaji, na humo kuna sura kuhusu nani aingie nchini na nani asiingie. Anaipa jamii haki kubwa ya kuchagua wageni wake. Lakini kuna kesi moja naipenda, Australia ya Wazungu tu. Nchi kubwa mno, watu wachache, na jirani kuna mamilioni wenye njaa ya ardhi. Walzer anasema sawa, mkitaka kubaki Wazungu peke yenu, achieni ardhi msiyoihitaji. Mkitaka kubaki na ardhi yote, pokeeni watu. Vyote viwili hampati. Kwa mtu anayesifika kutetea mipaka hii ni hoja nzito sana na sioni ikitajwa vya kutosha.

Miaka mitatu baadaye akagongana na Edward Said. Walzer alikuwa ameandika kuhusu safari ya Waisraeli kutoka Misri kama mfano wa mapinduzi, watumwa wanaondoka, wanatembea jangwani, wanajifunza uhuru. Said, msomi Mpalestina, mwaka 1986 akaisoma hadithi hiyohiyo kwa jicho la Wakanaani, akasema mwisho wa safari kuna nchi, na kwenye hiyo nchi kulikuwa na watu, mbona kwako hawaonekani? Wakajibizana vikali. Kwa kweli kwenye hili Said alikuwa na hoja ambayo Walzer hakuijibu ikaisha, maana ukisema ardhi inawafuata watu, wa kwanza kuulizwa ni wale waliokuwepo.

Jibu bora la Walzer kuhusu ardhi na ugaidi lilikuja mwaka 2002, na hii ndiyo makala yake ninayoirudia kuliko zote. Ni wakati wa intifada ya pili, yaani uasi wa pili wa Wapalestina dhidi ya Israel. Mabomu ya kujitoa mhanga yanalipuka kwenye mabasi na mahoteli, Netanya peke yake, usiku wa Pasaka ya Kiyahudi mwezi Machi, wamekufa watu 30, na jeshi la Israel limeingia miji ya Ukingo wa Magharibi na vifaru. Dunia imegawanyika pande mbili kama kawaida. Walzer anasema hapa kuna vita nne, zinapiganwa kwa wakati mmoja, mahali pamoja. Ya kwanza ni ya Wapalestina ya kuifuta Israel. Ya pili ni ya Wapalestina ya kupata nchi yao pembeni ya Israel na kuondoa ukaliaji. Ya tatu ni ya Israel ya kulinda usalama wake ndani ya mipaka iliyokuwepo kabla ya vita ya Juni 1967. Ya nne ni ya Israel ya kuchukua ardhi yote, ya walowezi na Israel Kubwa. Ya pili na ya tatu ni za haki. Ya kwanza na ya nne si za haki.

Ukikaa na hilo kidogo unaona kwa nini watu hawaelewani. Mwanajeshi mmoja kwenye kizuizi kimoja cha barabara anapigana vita ya tatu na ya nne kwa pamoja, analinda basi la shule Tel Aviv na hapohapo analinda nyumba ya mlowezi kilimani, bunduki ni ileile. Na Mpalestina mwenye bunduki naye hivyohivyo, huwezi ukajua kwa kumtazama anataka nchi yake au anataka ya jirani pia. Walzer anasema kinachoonyesha vita gani inapiganwa ni vitendo: anayelipua mgahawa ndani ya Israel anapigana ile ya kwanza hata akisema ya pili, na serikali inayoongeza vitongoji vya walowezi inapigana ya nne hata ikisema ya tatu. Kwa hiyo aliyewakataa magaidi hajawakataa Wapalestina, na aliyewakataa walowezi hajaikataa Israel. Kwa mara moja maswali mawili ya maisha yake yamekaa kwenye ukurasa mmoja na hayajagusana vibaya.

Mwaka huohuo lakini, Februari, jina lake lilikuwa kwenye barua ya wasomi 60 wa Marekani iliyotetea vita baada ya Septemba 11, na wengi wa kushoto hawajamsamehe. Vita ya Irak ya 2003 aliipinga, akisema Saddam alikuwa anabanwa tayari na wakaguzi na marufuku ya kuruka ndege, hakukuwa na haja ya kuvamia. Naona kwenye Irak alikuwa sahihi na mapema.

Halafu 2009, baada ya vita ya Gaza iliyoua Wapalestina kama 1,400. Mwanafalsafa Asa Kasher na jenerali Amos Yadlin walikuwa wamejenga hoja kwamba jeshi la Israel linapopambana na magaidi, usalama wa mwanajeshi wake unatangulia usalama wa raia wa upande wa pili ambao hawako chini yake. Walzer na mwanafalsafa wa Israel Avishai Margalit wakawajibu. Tuseme Hezbollah, kundi la wapiganaji la Lebanon, wameteka kibbutz (kijiji cha ushirika) ya Manara, kule mpakani na Lebanon, wamejichimbia humo. Kwanza, mateka ni wakazi wenyewe, Waisraeli. Pili, wakazi wamehamishwa, waliobaki ni wageni waliokuja kujitolea. Tatu, ni wageni waliokuja kuipinga Israel. Nne, Hezbollah wameleta wanakijiji wa kusini mwa Lebanon wakawaweka humo. Swali, mwanajeshi wa Israel anayeingia kuikomboa Manara ajihatarishe kiasi gani ili asiwaue hao watu? Jibu lao, sawa kwa wote wanne. Kama ungepita mlango kwa mlango badala ya kuangusha bomu kwa sababu ndani kuna Waisraeli, basi pita mlango kwa mlango hata ndani wakiwa Walebanoni. Cha kuangalia ni kwamba Manara ni ardhi ya Israel, hapo hakuna ubishi wa nani mwenye eneo kwa upande wao, na bado hilo halibadilishi chochote kuhusu nani wa kuuawa.

Septemba 2024, akiwa na miaka 89, akaandika tena. Tarehe 17 maelfu ya peja, vifaa vidogo vya kupokea ujumbe, za watu wa Hezbollah zililipuka kwa pamoja Lebanon, kesho yake zikafuata redio za mkononi. Zililipuka sokoni, majumbani, mikononi mwa watoto waliokuwa wameshika kifaa cha baba. Wengi duniani walikuwa wanashangaa ufundi wake. Siku chache baadaye Walzer akaandika kwenye gazeti la New York Times kwamba kwa uwezekano mkubwa ni uhalifu wa kivita, kwamba wale watu hawakuwa kwenye mapigano, walikuwa nyumbani na familia zao, na waliotega hawakuweza kujua nani atakuwa karibu. Na akaliita kwa jina lake, ugaidi, uliofanywa na dola ambayo siku zote imelaani ugaidi dhidi ya raia wake. Miaka 57 baada ya ile Juni ya 1967, kwa nchi ileile aliyokuwa anaitetea. Watetezi wa Israel walimjia juu kwa hoja kwamba walengwa walikuwa wapiganaji, na hoja hiyo si ya kutupwa, lakini peja inayolipuka mfukoni kwa mtu aliyeko kwenye duka la mboga inawaua na walioko kwenye foleni.

Kwa hiyo kwenye ugaidi namwona mzee amesimama vizuri, ukiondoa ule mlango wa dharura kuu ambao angeufunga. Kwenye ardhi bado kuna deni, na ni deni la muda. Rudi Alsace. Walzer anamnukuu Henry Sidgwick, mwanafalsafa wa Kiingereza wa karne ya 19, kwamba utawala ulioanza kwa dhuluma unaweza ukaja kupata uhalali kama hisia za wakazi wa lile eneo zitabadilika. Walzer anakubali, ila wakazi wanaozungumziwa ni wale waliokuwepo ardhi yao ilipochukuliwa, si watu walioletwa baadaye. Kwenye karatasi hilo linatosha. Lakini Ukingo wa Magharibi walowezi wamepita 500,000, ukiacha Yerusalemu ya Mashariki, na wengi wamezaliwa hukohuko, wana shule zao, sheria zao, makaburi yao, yaani vyote ambavyo Walzer alisema vinawapa watu haki ya mipaka. Vita ya nne aliyoikataa mwaka 2002 imeendelea kupiganwa kwa saruji na mabomba ya maji, nyumba kwa nyumba. Akiulizwa atasema dhuluma haizai haki, na mimi nitamuunga mkono, ila nadharia yake ilijengwa kumtambua mvamizi anayevuka mpaka na vifaru kwa siku moja. Kwa mvamizi anayejenga nyumba moja kila wiki kwa miaka hamsini, halafu anazaa watoto humo, haijasema ni siku gani ilitakiwa apigwe stop, wala leo wale watoto waende wapi.